Buluu Hadi Darini

Fundi Bila Doa, mtoto wa mpaka chokaa, mjukuu wa mchoma chokaa, ndiye aliyepaka shule mbili, mahakama na nyumba zote za barabara ya juu, wala hakuna aliyewahi kumwonyesha tone sakafuni. Jina hilo alilipata kwa jasho. Na mtu huyu ndiye aliyeshindwa na chumba cha mkewe.

Mkewe alikuwa hainuki tena. Hospitali ilikwisha kumrudisha nyumbani, na sisi watu wazima tunajua maana yake. Siku moja akamwambia mumewe, "Baba watoto, nimechoka kutazama dari nyeupe. Nipakie buluu kila mahali, nikilala nisione inapoishia."

"Unataka kukaa ndani ya chupa ya wino?"

"Nataka kukaa ndani ya kitu ulichonifanyia mimi. Majumba ya watu umeyamaliza."

Neno lile lilimchoma. Akamhamishia chumba cha pili, akaroweka chokaa, akamimina unga wa buluu kwenye pipa. Sasa, chokaa ya rangi huchanganywa yote kwa pamoja. Ikiisha njiani, kuipata ileile ni bahati, kwa sababu ikiwa mbichi hukolea na ikikauka hufifia. Hilo alilijua tangu utotoni. Lakini maisha yake yote alipaka kuta rangi na dari nyeupe, na mkono ukapima kwa mazoea: kuta nne, basi. Alipopanda ngazi aanze dari, pipa lilikuwa tupu.

Akachanganya nyingine. Akajaribia ukutani, akangoja ikauke, akaongeza unga, akajaribia tena mpaka akaridhika. Kazi ilipokwisha akamrudisha mkewe kitandani, mwenyewe kifua mbele.

Mke alitazama juu kwa muda mrefu. "Ahsante, mume wangu."

Jioni binti yao akaingia na maji ya kumwogesha mama yake, akasimama mlangoni. "Baba, mbona dari umeipaka kijivu?"

"Kijivu kiko wapi? Ile ni buluu."

"Ni kijivu, baba. Hata mpaka wake unaonekana, kama ukingo wa kifuniko."

Fundi akamgeukia mkewe amtetee. Mke akafumba macho.

Ndipo alipoelewa. Wingu aliloliona juu ya kila kitu kwa miezi kadhaa, akidhani ni vumbi la chokaa, lilikuwa ndani ya macho yake. Na mkewe aliliona kosa tangu aliporudishwa kitandani, akalimeza. Fundi hakuwa na kitu kingine cha kumpa mwanamke yule, na hicho nacho kimemponyoka.

"Tumhamishe tena?" binti akauliza kwa sauti ndogo.

"Hahamishiki tena, nguvu zimemwisha. Mfunike shuka, matone yasimdondokee." Akamwekea binti brashi mkononi. "Changanya ya kuta na ya dari, pipa moja. Anza juu. Rangi iangalie wewe, mimi siioni."

"Sijawahi kushika brashi, baba."

"Najua. Fanya haraka, mwanangu."