Droo ya Vifungo

Dada yangu ni fundi cherehani wa sare za shule. Ameniruhusu nimwandike kwa sharti moja, jina lake nisilitaje. Mimi niiteni Redio, kama wanavyoniita nyumbani, kwa kuwa nikiwashwa sizimiki.

Chumba chake cha kushonea kina meza ya kukatia na kabati lenye droo tatu. Ya juu ina chaki na mikasi, ya katikati ina nyuzi. Ya chini ni ya vifungo, na hiyo alikuwa akiifunga kwa ufunguo. Nani anafungia vifungo? Swali hilo lilininyima raha. Halafu likaja la pili: kila Alhamisi saa tisa alasiri anaivua futi shingoni, anaitundika ukutani, huyoo anaondoka bila kuaga. Nikajisemea, hapa kuna bwana. Za mwizi ni arobaini. Alhamisi moja nikamfuata.

Aliingia shule ya chekechea, watoto wakiwa wameshaondoka. Nikachungulia dirishani. Bwana hakuwepo. Walikuwepo watu wazima saba kwenye viti vya watoto, magoti yamekaribia videvu. Mmoja, mlinzi aliyevaa sare ya kazi, akaniona.

"Ingia tu, usiogope," akasema. "Siku ya kwanza sote tulichungulia hapo hapo."

Akanivutia kiti. Dada alinitazama, nikajua sasa atanyanyuka aende zake asirudi tena. Muungwana angeondoka yeye. Mimi udadisi ulinikalisha.

Mlinzi ndiye aliyeanza. "Jana nimekula chakula cha mwenzangu wa zamu. Njaa sikuwa nayo. Nilikula nimesimama nyuma ya mlango."

Wenzake wakasema, "Asante." Basi. Nilisubiri mmoja amshauri, mwingine amwambie ajikaze, kama tunavyofanya sisi tusioulizwa. Kimya. Nikashangaa, hii ni dawa gani?

Zamu ya dada ikafika. Alikaa akinyoosha upindo wa sketi yake.

"Mimi najifungia na mkate mzima," akasema mwishowe. "Nashiba, bado nakula. Nikisikia mtu, nauficha kwenye droo ya vifungo. Ila mbele ya watu siwezi hata kuongeza kijiko. Nyumbani waliniita Ghala tangu utotoni. Nikiinamia sahani nalisikia hilo jina, hata kama hakuna aliyelisema."

Jina hilo nililitunga mimi. Nilikuwa na miaka tisa, watu wakacheka, nikajiona nina kipaji. Tangu hapo, kila tukikusanyika: "Ficheni masufuria, Ghala kafika!" Na yeye alikuwa akicheka kuliko wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kabla ya kuachana walikumbushana utaratibu wao. Kila mmoja ana mtu wa kumpigia simu pale mkono unapotaka kwenda wenyewe kwenye chakula. Anayepigiwa hashauri, hakemei, hatanii. Anakaa tu kwenye simu. Dada alikuwa na miezi sita hapo na hakuwa amempata mtu wake.

Nje ya geti nikaanza, "Dada, nisamehe, mimi..."

"Usinisemeshe."

Akatangulia. Kwenye kona akasimama, bila kugeuka. "Nikikupigia, utaweza kunyamaza?"

"Nitajaribu."

"Wewe? Haya, tutaona."

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia. "Niko mbele ya droo," akasema. "Mkate ninao mkononi."

Maneno yalinijaa mdomoni, ya huruma na ya mzaha yamebanana. Nikaling'ata shati langu. Nilimsikia akipumua. Wateja walibisha hodi, akawajibu mlango ukiwa umefungwa, akarudi kupumua. Sijawahi kukaa kimya muda mrefu hivyo nikiwa macho. Kisha nikasikia komeo la mlango likivutwa.

"Nimefungua mlango," akasema. "Njoo tule. Lakini uje umezimwa."

Nilikwenda mbio. Alikuwa amekata mkate kwa kisu, vipande viko kwenye sahani juu ya meza ya kukatia. Tukala kimoja kimoja, wapita njia wakituona. Kisha akanyoosha mkono, akachukua cha pili, macho yake yakiwa usoni kwangu.

Sikusema kitu. Akakila taratibu mpaka kikaisha, uliobaki akauacha palepale mezani, akarudi kwenye cherehani.