Homoni za Mkuyuni

Mume wangu alihama chumbani. Alichukua mto wake, akachukua na neti, akaenda kulala kwenye kochi la sebuleni. Simlaumu sana. Nilikuwa nimekoma hedhi, na usiku joto lilinipanda kama nimelala jikoni: nafungua dirisha upepo wa ziwa uingie, natupa shuka, nawasha feni hadi mwisho. Kifua chake hakitaki baridi. Akikohoa kidogo tu namfokea, "Kohoa kimya kimya!" Jamani, nani anaweza kukohoa kimya kimya?

Nilimtaka arudi. Lakini kumwambia hivyo mtu niliyezaa naye watoto wanne, mdomo ulikuwa mzito. Nikaona bora nitibu joto, mengine yatajiweka sawa yenyewe.

Wenzangu wa kwaya wakanielekeza kwa mama mmoja wa Mkuyuni anayeuza homoni za asili kwa wanawake wa umri wetu. Nikamkuta dukani, makopo yamepangwa hadi darini, feni moja mezani imemwelekea yeye.

"Mizizi na soya, dada yangu. Asili tupu, haina madhara. Kijiko kimoja kwenye uji, joto unalisahau."

"Wewe mwenyewe unatumia?"

"Mwaka wa pili huu! Niangalie."

Nikamwangalia. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye wigi mpaka kidevuni. Na mimi joto likanipanda papo hapo, nikaigeuza feni upande wangu. Akairudisha kwake. Nikaivuta tena. Tukaing'ang'ania, watu wazima wawili, mpaka waya ukachomoka ukutani, tukabaki tunatazamana tunahema.

"Dada," akasema, akivua wigi, "mimi nauza tu."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini nilirudi nyumbani na hasira, maana matumaini yangu yote nilikuwa nimeyaweka kwenye yale makopo.

Wiki iliyofuata nikaenda hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akaniamkia vizuri shikamoo, kisha nilipomtajia dawa za Mkuyuni akanipa za uso. "Mama, asili siyo lazima iwe salama. Sumu ya nyoka nayo ni asili." Akasema tiba ya homoni ipo, ila kwanza tupime presha na matiti, kwa kuwa mama yangu mdogo aliwahi kuugua saratani ya titi. Halafu akaniambia nije na mume wangu, naye aelewe kinachoendelea.

Mzee aliposikia anaitwa na daktari, akapiga pasi shati, akavaa viatu vya kanisani. Kule akakaa wima, anasikiliza jinsi homoni zinavyopungua, usingizi unavyokatika, hasira zinavyoingia bila hodi. Daktari akamuuliza kama ana swali. Namjua mume wangu, nikajua ataulizia bei.

Akatazama viatu vyake. "Kwa hiyo, daktari, siyo kwamba amenichoka?"

Nilikuwa nimekuja na maswali yangu ya mizizi na vidonge, yote yakanipotea. Kumbe muda wote kwenye lile kochi alikuwa anawaza hivyo! Daktari akainamia faili, akajifanya anatafuta kitu.

"Wewe mzee wewe," nikasema, machozi yananilenga, "nikikuchoka wewe nitamgombeza nani? Leo unarudi chumbani."

Akamgeukia daktari. "Inaruhusiwa?"