Mtaro Ulioishia Mpakani

Enzi zetu sisi watoto wa milimani juu ya Matema, mvua ikikatika tu tulibandua gome la mgomba, tukalikalia, tukateleza shambani kwa mama mpaka bondeni. Kaptula zilitoboka matakoni, na jioni mama alitupa ugali, dagaa usipa wa ziwani na viboko, vyote mlo mmoja. Watoto wa siku hizi wanatelezesha kidole kwenye simu, na bado wanasema wamechoka.

Ule utelezi kwetu ulikuwa neema. Kwa mama ulikuwa balaa, maana kila masika udongo wa shamba lake la karanga na mihogo ulisombwa, na baba alikuwa Chunya akitafuta dhahabu ambayo hatukuiona. Shamba lile likiisha, tungekula upepo.

Ndipo akaja bwana shamba, kijana wa mkoa wa mbali, Kiswahili kimenyooka kama cha redioni. Akapima kilima kwa kamba na vijiti, akasema uchimbwe mtaro wa kukinga maji, uanzie shamba la babu, mzaa baba, upite kwa mama bila kukatika. Akataka wenye mashamba wachimbe pamoja, bega kwa bega. Wazee wakamshukuru, "Ndaga, ndaga," wala hakuna aliyemwambia ukweli.

Ukweli ni kwamba kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Hawajagombana, ni heshima. Mama akisikia tu babu anakohoa, alijitosa migombani na ndoo yake kichwani. Sasa huyo ndiye wa kuchimba naye bega kwa bega? Siku ya kazi babu alichimba mpaka mpakani, akafuta jasho, akaenda zake, maana ng'ambo ile ni kwa mkwe. Mama naye hakutokea, maana mkwewe yupo. Bwana shamba akatuita wavivu, akapanda baiskeli yake.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mtaro ulikusanya maji ya kilima kizima, ukayamwaga pale ulipoishia, juu ya karanga za mama. Likachimbika korongo ambalo hata sisi tuliogopa kulitelezea. Mama alilia, kisha akapandwa na hasira. Kumsema mkwe haiwezekani, basi akamfunga mbuzi karibu na ua wa babu, akamsema mbuzi: "Wewe umenimwagia maji shambani. Watoto watakula nini, pembe zako?" Ndani ya ua babu akakohoa.

Siku ya gulio mama aliposhuka Matema, babu alivuka mpaka na jembe. Alichimba kama mwizi, kila mara akigeuka kutazama njia. Mama aliporudi alikuta mtaro umekamilika, ukingoni pamepandwa majani. Msimu uliofuata kilima kizima kilichimba, wakwe wa kiume asubuhi, wake za watoto wao jioni, na mtelezo wetu ukafa.

Leo mke wa kaka yangu anakaa sofa moja na baba, aliyerudi zamani kutoka Chunya, wanatazama tamthilia na kubishana nani atamwoa nani. Wanapendana, na mimi nafurahi kuwaona. Ila mtaro umejaa udongo, na karanga zimeanza tena kwenda ziwani. Anayeuzibua ni mama peke yake, na mgongo wake umepinda. Juzi nilimwomba apumzike, inaniuma kumwona vile. Hakuacha jembe.

"Babu yenu alizikwa sijawahi kumtazama usoni," akasema. "Namjua kwa huu mtaro tu."