Jezi Iliyorudi Imekunjwa

Juzi nilishuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo ninamokaa, nikafungua mashine, nikakuta mtu amesahau humo soksi moja ndefu ya mpira wa miguu. Ilinuka majani mabichi na ile dawa ya kuchua misuli, ile kali inayopanda puani mpaka machozi yanakutoka. Nilisimama pale na kapu langu kiunoni, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Harufu ile ni ya nyumba yetu ya Brooklyn Center, huku Amerika, wakati nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa, bila kujisifu, redio ya timu nzima.

Ngoja niwaeleze vizuri. Kanisa letu la Wakongo lilikuwa na timu ya mpira wa miguu, na Papa ndiye aliyekuwa kocha. Jezi zilikuwa mali ya timu. Mechi ikiisha, kila mchezaji aliivua yake na kuitupa kwenye mfuko mkubwa mweusi, na mfuko ule ulikuja kwetu Mama afue. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza jezi upande wa ndani na kutoa majani. Jamani, ukigeuza jezi za watu kila wiki, unajua mambo yao. Nilijua nani kaumia goti, maana ya kwake ilinuka dawa. Nilijua nani alikaa benchi, maana ya kwake haikuwa hata na jasho. Jumapili baada ya ibada, watoto wenzangu walinizunguka pale makoti yanapotundikwa, nami nikawamwagia habari za ndani, huku nimejishika kiuno kama mama wa sokoni. Kwa mtoto ambaye shuleni alikuwa hajulikani hata jina lake linatamkwaje, huo ulikuwa utukufu.

Nilikuwa na utajiri mwingine pia: kitanda. Watoto wa rika langu walilala kwenye vitanda vya ghorofa, wakipigana mateke na ndugu zao. Mimi nilikuwa na kitanda cha mtu mzima, kipana, kifupi kwenda juu, hata miguu yangu iligusa kapeti nikikaa. Kilipoingia chumbani kwangu godoro lake lilikuwa bado kwenye nailoni. Sikuwahi kuuliza kwa nini mimi, mtoto mmoja mwembamba, nilistahili kitanda kama kile. Niliona ni haki yangu tu.

Golikipa wetu alikuwa Kaka Bahati. Hakuwa kaka wa tumbo moja, lakini alifika Amerika peke yake akiwa kijana, akaanza kula kwetu kila Jumapili, na mwisho akawa anamwita Papa "Papa" bila mtu kushtuka. Alifanya kazi shifti ya usiku kwenye ghala kubwa Shakopee. Mchana ungemkuta amelala kwenye kochi letu, viatu mguuni, mdomo wazi. Lakini mweke golini! Alikuwa anaruka kama anavutwa na kamba. Na jezi yake, hiyo pekee ya golikipa tuliyokuwa nayo, ndiyo ilikuwa chafu kuliko zote, na kiwiko cha kushoto kilikuwa kimechanika tangu theluji ilipoisha.

Basi ikaja wiki ya fainali. Tulikuwa tucheze na Wakongo wa Saint Paul, wale wa ng'ambo ya mto, ambao tulikuwa tunawapenda kwenye harusi na kuwachukia uwanjani. Jumapili ile nilipofungua mfuko mweusi, jezi ya Kaka Bahati ilikuwa juu ya zote. Imefuliwa. Imekauka. Imekunjwa mraba kama shuka la hospitali.

Mtu haifui jezi ya timu akairudisha, kama bado anaitaka. Niliijua sheria hiyo, maana wawili waliohama kabla yake walifanya vivyo hivyo. Nikaisukuma chini kabisa ya mfuko. Mama alipokuja aliitoa, akaitazama kidogo, akaiweka kando, akaendelea kumimina sabuni. Nikajisemea, afadhali, Mama hajui mambo ya mpira.

Jumatano, kwenye mazoezi ya kwaya, Nadine akanivuta mkono. Nadine alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, na kaka yake alicheza beki. Tuliongea kile Kiingereza chetu cha haraka kilichopakwa Kiswahili cha nyumbani. Nakiandika hapa kama ninavyokisikia moyoni.

"Kaka Bahati anahamia Saint Paul," akasema.

"Ni nani alisema?"

"Kaka yangu alimuona kwa macho yake! Alikuwa ndani ya pikapu ya kapteni wao, wanatoka kwenye duka la mitumba. Wamemtafutia kazi ya mchana Eden Prairie, ya kukaa kwenye kiti. Fainali hachezi." Akanisogelea. "Wewe ndiyo mtoto wa kocha. Kwenu ndiyo jezi zinafuliwa. Haujaona kitu?"

Nilikuwa nimeona. Lo, nilikuwa nimeona! Habari kubwa kuliko zote za maisha yangu ilikuwa imenikaa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu, na wanaume wangemfukuza kabla jua halijazama, kwa sababu nyumba ya kocha imethibitisha. Nilimpenda Kaka Bahati. Ndiyo maana niliumia, na ndiyo maana pia nilitamani kusema.

"Sijaona kitu," nikajibu, na Nadine akanitazama kama duka lililofungwa mapema.

Jioni ile Kaka Bahati ndiye aliyenirudisha nyumbani. Nilikaa mbele, mkanda umenikaba shingo, nikamuuliza kwa Kiingereza, kama nilivyouliza mambo yote magumu: "Kaka, unatuacha?"

"Ni nani alikuambia?"

"Jezi."

Akaingia kituo cha mafuta, akasimama karibu na pampu ya upepo, akazima gari.

"Mama yangu anakuja siku ya posho," akasema. Kwetu siku ya posho ndiyo Jumamosi. "Ndege inatua saa ya mechi. Mayo, ile jezi, nimerudisha juu Papa Josué, ule shemasi, ataivaa golini."

Nilitaka kupiga kelele za furaha. Akainua mkono.

"Mara ya kwanza nilitangaza kanisani. Mulicheza, muliimba, munakumbuka? Safari wakaifuta. Nikatangaza tena, wakaifuta tena. Watu wananipa pole kama nimefiwa, na mama bado iko mzima kule kambi ya wakimbizi! Sasa sitangazi. Nitasema siku nimemshika mkono."

"Na ile pikapu?"

"Yule tunafanya naye Shakopee. Iko ananisaidia kutafuta kitanda. Lakini vyote viko juu sana, na magoti ya mama haiwezi kupanda." Akaniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. "Nakuomba, Furaha. Unyamaze."

Nikaahidi. Lakini ahadi ni jambo moja, kuamini ni jambo jingine. Nadine alikuwa na shahidi aliyeona pikapu, na Kaka Bahati alikuwa na mdomo wake tu. Je, kama kapteni yule ndiye aliyemfundisha hadithi ya mama? Nilipofika nyumbani niliingia moja kwa moja mahali pa kufulia nguo, nikaichukua ile jezi nikaikunjua. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimeshonwa. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha njano, mishono mikubwa iliyopinda, kazi ya mwanamume asiyejua sindano. Mtu anayekimbilia timu nyingine hakai akishona jezi ya timu anayoiacha. Hapo nikamwamini, nikaikunja tena.

Siku zilizofuata nilikoma. Kundi la timu kwenye simu ya Papa lilikuwa linalia kama nyuki: msaliti, Yuda, mfukuze kocha! Papa aliigeuza simu kifudifudi mezani akaendelea kula ugali. Mama aliongeza mboga, akasema hali ya hewa ni nzuri. Nilikuwa nawaonea huruma wazazi wangu, masikini, hawajui lolote. Nadine hakunisemesha siku nzima, kwa kuwa redio imezimika. Ulimi uliniwasha, kweli uliniwasha, nikawa naimba nyimbo za kanisa bafuni ili tu mdomo upate kazi.

Jumamosi ikafika. Mama alisema haji uwanjani, ana shughuli na jirani yetu wa chini, nesi mmoja Mkenya mwenye gari kubwa. Nikaenda na Papa. Papa Josué aliingia golini na tumbo lake, jezi imembana mpaka kitovu kinachungulia. Alikuwa baba mwema, shemasi, lakini mpira ukija upande wa kulia yeye alikwenda kushoto kwa imani yote. Tulifungwa mabao mpaka wa Saint Paul wenyewe wakaona aibu kushangilia. Kila bao lilipoingia, jina la Kaka Bahati lilitajwa kwa ubaya pembeni mwa uwanja, na mama yake Nadine ndiye aliyelitaja kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Unaona?" Nadine akaniambia. Nikauma mdomo.

Filimbi ya mwisho ilikuwa haijapigwa ile gari ya Kaka Bahati ilipoingia maegesho. Watu wakageuka. Wengine walianza kumwendea, na hawakuwa wanaenda kumsalimia. Yeye akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akanyoosha mkono. Akashuka bibi mmoja mfupi, amevaa koti la baridi kwenye jua kali la Julai, na kifuani amekumbatia mfuko mweupe wa plastiki.

Mfuko ule sisi sote tuliujua. Ndio ule wanaokupa kambini unapoondoka, na makaratasi yako ndani, wanakuambia usiuachie mpaka umefika. Kila nyumba ya kanisa letu inao kabatini mpaka leo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mpira ukaachwa ubingirike, hata refa hakuufuata. Kisha mama yake Nadine, yule yule, akatoa kigelegele kilichokatika katikati kwa kilio, akakimbia na kiatu kimoja. Watu wakakimbia. Kapteni wa Saint Paul alikimbia na jezi yake mwilini, Papa Josué akafuata akitweta, na mechi ikaishia pale hivi hivi. Nilimtafuta Papa nimwone akishangaa. Hakuwa anashangaa. Alikuwa amesimama mahali pake, analia taratibu na filimbi mdomoni.

Tulirudi nyumbani jioni, koo zimekauka kwa kuimba. Nikaingia chumbani kwangu. Kitanda hakipo. Palikuwa na alama nne za miguu kwenye kapeti, na blanketi zangu zimetandikwa sakafuni.

"Utalala chini kwanza," Mama akasema mlangoni. "Kile kimekwenda kwa mama yake Bahati. Kiko chini, magoti yake itaweza."

Nikapiga hesabu yangu ya kitoto. Kwa hiyo Mama alijua. Na Papa alijua, alitukanwa wiki nzima akijua. Watatu ndani ya nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake habari ile ile, tunapasiana chumvi! Nilicheka, halafu nikanuna, kwa sababu kitanda kilikuwa changu.

Nilinuna mpaka nikawa mtu mzima, kwa kweli. Nilipohamia hapa ninapokaa sasa, Mama alinisindikiza kununua kitanda, nikamtania kwamba ananidai, hapana, namdai mimi, kile alichonipokonya. Hakucheka. Alipitisha mkono kwenye godoro moja dukani na kuniambia kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha koko, mama yake mzazi. Walikichagua kifupi kwa ajili ya magoti yake, wakatangaza kanisani kwamba anakuja, watu wakaimba. Safari ikafutwa. Kisha ikafutwa tena, na koko akafia kambini. Mimi nilikuwa mdogo mno kuelewa, nikawekwa juu ya kile kitanda kwa sababu Mama hakuweza kukiangalia kikiwa kitupu.

Kilimngoja mama wa mtu miaka yote ile. Siku ile ya fainali, kikampata.