Mbegu Kwenye Vumbi

Sisi wa Kiminini hupanda mahindi kwenye vumbi, ili mvua ya kwanza ikute mbegu iko chini tayari. Mwaka mmoja baba alipanda, mvua ikakataa. Asubuhi moja tukinywa chai, redio ikasema viongozi wa majimbo fulani ya Marekani wanapinga mkataba wa dunia wa tabianchi, ati utawapotezea watu wao kazi. Nikatukana. Baba, asiyevumilia matusi, hakunikemea. Aliuliza tu, "Na hii yetu si kazi?" Akatoka. Nilimkuta shambani amechuchumaa, amefukua mbegu moja kwa kidole, anaipuliza vumbi. Bado ilikuwa na rangi ya dawa inayopakwa mbegu za dukani, maji hayajaigusa. Akairudisha palepale, akaifunika.