Kuonja Mbele ya Mgeni

Kwetu Uhayani mgeni hagusi chakula wala pombe kabla mwenyeji hajaonja mbele ya macho yake. Ndivyo nilivyolelewa kule Izimbya, na ndivyo nilivyouza ndizi na maharage stendi ya Muleba tangu nilipofungua mgahawa wangu. Nachota kwa upawa, naonja kidogo, nampakulia mteja. Mzee ambaye hajakuona ukionja anaweza kuitazama sahani mpaka ipoe.

Basi fikiria nilivyojisikia siku ya mafunzo. Tuliitwa mama lishe wote na wakaanga samaki kwenye ukumbi wa kata, kwa sababu bila mafunzo na kupima afya hakuna leseni. Afisa afya, dada mmoja mgeni katika mkoa wetu, alieleza habari za maji ya kunawa, chanja la vyombo na kufunika chakula. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, maana hayo nilikuwa nayafanya siku zote. Kisha akasema upawa uliogusa mdomo usirudi sufuriani, na mtu akikutwa anafanya hivyo hapitishwi. Ukumbi mzima ukaguna. Mimi si mtu wa kugunia pembeni, nikasimama.

"Dada, huku kwetu asiyeonja hudhaniwa ametia sumu," nilimwambia. "Sasa nifunge biashara?"

"Onja, mama," akanijibu. "Ila onja kwa kijiko chako, na kikitoka mdomoni kiende kwenye beseni la kuoshea."

Nikakaa, nimenuna. Njiani kurudi nilikubali moyoni kwamba alisema kweli, jambo ambalo huwa silifanyi upesi. Nilinunua vijiko, nikavisimamisha kwenye kopo safi kando ya jiko. Majirani wakanipachika jina la Mama Vijiko, nami nikaliitikia kwa maringo, kwa sababu meza zangu zilikuwa safi kuliko zao na walijua.

Kilichonikaa rohoni ni baba. Hakuwahi kula kwangu hata mara moja. Kwake yeye, ndizi zikishapikwa hupewa mgeni, haziuzwi, na binti yake kuziuza stendi ilikuwa aibu aliyoimeza kimya kimya. Kila alipokuja Muleba kumjulia hali shangazi, alikaa kwenye benchi langu, tukaongea habari za kahawa na migomba, halafu akapanda basi la Bukoba na njaa yake. Iliniuma sana. Wasafiri wa kila aina walikuwa wamekula mkononi mwangu, isipokuwa yeye.

Siku ya ukaguzi wa leseni, afisa afya alikuwa anakagua ndoo ya kunawia pale mlangoni wakati baba anaingia. Shangazi alikuwa amelazwa, na baba alikuwa ameshinda hospitali tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni.

"Nipe kidogo," alisema, bila kunitazama.

Nilimnawisha, nikamwekea sahani tupu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye upawa, akisubiri niupeleke mdomoni kama mama alivyofanya maisha yake yote. Afisa naye akaacha ndoo, akanikazia macho. Nikiuonja ule upawa, leseni imekwenda. Nisipoonja, baba anaondoka na njaa yake kama kawaida, na safari hii hatarudi kuomba.

Nikachukua kijiko kwenye kopo, nikachota ndizi, nikala polepole ili anione vizuri. Kijiko nikakitia kwenye beseni. Kisha nikashika upawa, nikampakulia.

"Kile kijiko kimekosa nini?" baba akauliza.

"Kimegusa mdomo wangu, Tata. Hakiwezi kurudi kwenye chakula chako."

Alilitazama beseni, akanitazama mimi na aproni yangu nyeupe. Kisha akamega ndizi, akala. Afisa akaandika kwenye karatasi zake, akasema nimepita, niende halmashauri kuchukua leseni. Nilimshukuru, lakini kwa kweli sikuwa namsikiliza. Nilikuwa namtazama baba anavyotafuna, na nilijivuna mpaka nikahisi joto usoni.

Alimaliza, akanisogezea sahani.

"Niongezee."

Nikanyoosha mkono kwenye kopo kuchukua kijiko kingine, nionje tena.

"Acha, mwanangu," alisema baba. "Pakua tu."