Swali la Houefa kwa Jenerali

Houefa aliuza akasa, mabonge ya uji wa mahindi ulioganda, na akasa yake ilikuwa laini kuliko ulimi wake. Mteja akilalamika kwamba bonge ni dogo, humjibu, "Punguza mdomo, litakutosha." Watu walicheka, wakanunua. Lakini nusu ya umri wake aliishi bila kujua kama ni mke au mjane, na jambo hilo lilimla kimyakimya.

Ulimi ulikuwa umemponza mumewe, Dossou, fundi wa redio. Mwaka ule Jenerali Zannou, aliyeingia ikulu kwa vifaru, alivua magwanda, akavaa kanzu nyeupe, akagombea urais peke yake na kushinda. Dossou akasema kilabuni, "Chui hata akivaa kanzu, msimwachie mbuzi." Siku ya soko askari wakampakia garini, na asionekane tena.

Houefa alimwendea shemeji yake, Sossa, mkubwa wa ukoo.

"Tumzike, shemeji."

"Tuzike nini, mke wetu? Maiti hatuna, na neno kwamba amekufa, ambalo lingetosha, hakuna aliyetuletea. Ukimzika aliye hai, umemwua wewe."

Kwa Wafoni, kabila lao, ndivyo ilivyo. Tena asiyezikwa haitwi kutoka kwa wafu. Hawezi kurudi akiwa Kutito, mfu aliyefunikwa nguo gubigubi, akacheza na kuwabariki wanawe. Anabaki kutangatanga. Mara nyingine redio ya Dossou, isiyo na betri tangu zamani, ilikoroma rafuni, na Houefa huiambia, "Najua, baba. Vumilia."

Jenerali alikufa uzeeni, kitandani mwake, akaitwa Baba wa Taifa. Barabara, shule na uwanja wa mpira vikapewa jina lake. Mwaka wa tatu ukoo wake ukatangaza kumwita. Mwuaji aitwe kwa ngoma, na aliyeuawa hana hata pa kusimama! Houefa alichukia, akautupa mwiko.

Alasiri ya kumwita, uwanja ulifurika. Kutito wa Jenerali akatoka chumba cha wahenga, matabaka ya mahameli na kauri, usoni wavu wa shanga na nyuma yake giza tupu. Upepo ulivuma, lakini nguo zake hazikutikisika. Mbwa wakaingia chini ya mabenchi. Jenerali enzi zake alitembea amenyooka kama bunduki. Huyu aliburuta mguu wa kushoto, na ndugu zake wakatazamana.

Watu walipiga magoti wakaomba watoto, mvua, biashara. Aliwajibu wote kwa sauti ya kukwaruza, maana marehemu aliyeitwa hamnyimi jibu anayempigia magoti. Houefa akaanza kupenya. Kpedetin, muuza samaki jirani yake, akamshika kanga.

"We Houefa, una wazimu? Nguo ile ikikugusa umekwisha!"

"Nimekwisha zamani, mwenzangu. Niachie."

Akapiga magoti karibu kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kuthubutu. Nguo zilinuka udongo mbichi.

"Mzee Zannou, Dossou yuko wapi?"

Ngoma zikakatika. Mtoto wa Jenerali, mwenye miwani myeusi, akafoka, "Mwondoeni huyo mama!" Mlinzi wa Kutito akainua fimbo, akashindwa kuishusha. Nani atajiweka kati ya mfu na anayemwuliza?

Kutito akainama polepole.

"Dossou yupi? Huku ninao akina Dossou wengi."

Uwanja mzima ukasikia. Houefa aliogopa sasa, aliogopa hasa, lakini hakurudi nyuma.

"Fundi wa redio. Mume wangu."

Sauti ikatoka, ndogo, ya mzee aliyechoka. "Yupo. Ndiye aliyeushika mguu wangu. Mwambie auachie."

"Mwambie mwenyewe," alisema Houefa.

Nyuma yake mwanamke mmoja akapiga magoti. "Na mwanangu Kosi?" Mwingine akafuata, na mwingine, hadi njia ya kurudia chumba cha wahenga ikajaa wanawake. Kutito akazunguka huku na huku akiuburuta mguu, hana pa kupita.

Houefa hakumtazama tena. Alimtafuta Sossa katika umati.

"Shemeji, neno umelisikia?"

Mzee yule alikuwa akilia kama mtoto. "Nimelisikia, mke wetu. Kesho tunamzika."

Houefa akavua kitambaa cha kichwa, akaketi mavumbini hapohapo, akaanza kumlilia mumewe kwa sauti.